Mteremko Unaomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri. Limechongwa kwenye bamba la shaba na kufunikwa kitambaa cha bluu pale katikati ya mji mkuu, na siku yoyote mgeni rasmi atafika kukivuta hicho kitambaa. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mpaka siku hiyo sheria hairuhusu mtu kulitamka, na mimi ni mtu wa kutii sheria, kwa hiyo nitasema "kwetu" na mtanielewa.

Kwetu hakuna kitu kinachoanza kutumika kabla hakijazinduliwa. Nasikia kuna nchi ambazo watu wakichimba kisima wanateka maji siku hiyohiyo, kama watoto waliokosa malezi. Sisi tuna adabu zetu. Kisima kikishachimbwa kinafungwa utepe mwekundu, anawekwa mlinzi, na sisi tunaendelea kuteka mtoni huku tukikipita kisima na kukiangalia kwa fahari. Wodi ya wazazi ya mjini kwetu ilikaa na utepe miezi kumi na minne, na watoto wote wa kipindi hicho walizaliwa barazani. Wawili kati yao wanaitwa Utepe, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wote wana afya.

Mimi naitwa Bi Mwamvua, mpishi wa uji katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Uji peke yake ndio haukupata kuzinduliwa, kwa kuwa ungepoa.

Shule yetu ni ya ghorofa. Wataalamu walisoma mahali fulani kwamba mtoto hupanda darasa kila mwaka, wakaona ni vyema apande kweli. Kwa hiyo darasa la kwanza liko chini, la pili na la tatu yako juu kidogo, hivyo hivyo mpaka la saba lililo juu kabisa, karibu na bati, ngazi arobaini na mbili kutoka ardhini. Ngazi zenyewe hazina pa kushika, maana pa kushika palikuwa kwenye awamu ya pili. Choo kiko chini, nyuma ya jiko langu. Kumbukeni hapo kwenye choo, tutarudi.

Katika darasa hilo la saba alikuwapo msichana wa miaka kumi na mitatu aitwaye Sikudhani. Miguu yake haikupata nguvu tangu utotoni, lakini kichwa chake, mashallah, kilichukua nguvu za miguu pia. Hesabu alikuwa wa kwanza, sayansi wa kwanza. Baba yake, Fundi Kibwana, ni fundi wa baiskeli, na alimtengenezea kiti kwa mikono yake: kiti cheupe cha plastiki, kile cha kukalia kwenye harusi, kikakazwa kwa bolti juu ya magurudumu mawili ya baiskeli na mengine mawili madogo mbele. Kina kengele. Akifika shuleni huipiga, hata nisipogeuka najua ni yeye.

Kiti kiliishia jikoni kwangu. Kutoka hapo Fundi Kibwana alichuchumaa, akampakia binti yake mgongoni, akapanda naye ngazi arobaini na mbili. Saa tisa alasiri alirudi kumteremsha.

"Baba, nimekuwa mzito," nilimsikia Sikudhani akisema asubuhi moja.

"Tembo hashindwi na mkonga wake," baba mtu akajibu, huku jasho linamdondoka.

"Tembo hapandi ngazi, baba."

Fundi Kibwana hakuwa na methali nyingine, akapanda.

Kila asubuhi nilimpa yule mtoto kikombe cha uji, na kila asubuhi alinirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, bibi, nimeshiba." Maji nayo hakutaka. Nikadhani uji wangu una kasoro, nikaongeza sukari, nikaongeza ndimu. Aliendelea kushiba. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa, na nilipoelewa niliona haya kwa upofu wangu. Choo kiko chini. Darasa liko juu. Baba akishampandisha saa moja na nusu hatarudi mpaka saa tisa. Katikati ya hapo, mtoto wa kike aliyekwisha kuwa mkubwa atamwomba nani ambebe mpaka chooni? Basi alikuwa hatii kitu kinywani tangu kuamka mpaka saa tisa, na joto la chini ya bati mnalijua. Siku hiyo niliingia jikoni nikalia, nikasingizia kuni mbichi.

* * *

Tangu akiwa darasa la sita, Sikudhani alikuwa ameiandikia Wizara barua. Niliiona kabla haijafungwa. Ilisema: "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Naomba njia ya kufika darasani bila kubebwa na baba. Nikishafika, mengine nitajitahidi mwenyewe."

Kwetu serikali ni sikivu. Haikupita miezi minane ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuwapandisha Wasiopanda, yenye wajumbe kumi na mmoja, chini ya Mkurugenzi, Daktari Matibwa. Huyu ni mtu mpole, msomi, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusikilizia. Kabla ya kuja alituletea waraka, na Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Lusewa, akausoma mstarini kwa sauti ya mazishi:

"Kamati itafika Jumanne kuhakiki ulemavu na maradhi. Wanafunzi wenye ulemavu unaoonekana wakae mbele waonekane. Wanafunzi wenye maradhi yasiyoonekana wanaombwa kuugua siku hiyo, kati ya saa tatu na saa sita."

Mwanafunzi wa pili kwenye orodha alikuwa Shomari, rafiki wa Sikudhani, mwenye pumu. Vumbi la chaki likizidi, au akipanda ngazi kwa haraka, kifua kinambana mpaka midomo inabadilika rangi. Jumanne ilipofika, kwa bahati mbaya, aliamka mzima. Wakamkalisha mbele ya meza ndefu.

"Wewe ndiye mwenye pumu?" Daktari Matibwa akamuuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi ianze."

"Haiji kwa kuitwa, mheshimiwa. Huja yenyewe."

Daktari akaangalia saa yake. "Sisi hatuna haraka. Tunakupa mpaka saa sita."

Kumi na mmoja wale wakakaa wakimtazama kifuani. Mtoto akajitahidi kukohoa kwa heshima ya wageni, lakini kikohozi cha heshima hakikuwaridhisha. Saa sita ikafika, katibu akaandika: "Mwanafunzi alipewa nafasi ya kuugua, akashindwa kuitumia." Kesho yake pumu ilimkamata kwenye ngazi ya thelathini, akakaa hapo nusu saa na kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta, Sikudhani akimpepea kwa daftari kutoka mgongoni kwa baba yake. Ila kesho yake ilikuwa Jumatano.

Uhakiki wa Sikudhani ulikuwa rahisi zaidi. Daktari Matibwa alimwomba, kwa upole kabisa, apande ngazi ili Kamati ione anavyoshindwa. Sikudhani akamtazama, akazitazama ngazi, akaendelea kukaa kwenye kiti chake. Kamati iliandika kwa muda wa dakika arobaini.

Baada ya hapo walikwenda kukaa siku nne kwenye hoteli ya ziwani kutafakari. Siku mbili kati ya hizo, nimeambiwa, zilitumika kubishana kama kitu hicho kiitwe mteremko au mpando, kwa kuwa mtoto ataanza kwa kupanda. Ukashinda mteremko kwa kura sita kwa tano.

* * *

Sasa nitasema jambo ambalo wageni hawatalisadiki: mteremko ulijengwa. Tena ulijengwa vizuri. Fundi aliyepewa kazi alikuwa kijana mgeni katika mambo haya, hakuna aliyemwelimisha, naye akajenga kama alivyochorewa. Ukazunguka ubavuni mwa shule kwa mikunjo mirefu isiyochosha, una pa kushika pande zote mbili, una mahali pa kupumzikia kila kona, ukapita milangoni mwa madarasa yote na kuishia mlangoni mwa la saba. Fundi Kibwana alikuja na gurudumu la baiskeli, akalipandisha na kuliachia, akalifuata kwa macho mpaka chini. "Huyu fundi ana mama," akasema, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Sikudhani aliambiwa asubiri saruji ikauke. Alisubiri siku saba. Siku ya nane alikuja asubuhi na mapema, akapiga kengele, akakuta utepe mwekundu umekatiza chini ya mteremko, na pembeni yake, juu ya stuli, ameketi mgambo aitwaye Afande Selungo, na Sheria ya Utepe mapajani.

"Haujazinduliwa, binti," Afande Selungo akamwambia. Si mtu mbaya. Alisema huku akitazama chini.

"Utazinduliwa lini, afande?"

"Mheshimiwa Waziri akipata nafasi."

Fundi Kibwana akashusha pumzi, akachuchumaa, akampakia binti yake mgongoni kama siku zote. Hapo Afande akatoa karatasi ya pili. Wizara ilikuwa imefikiria mbali: "Kwa kuwa shule sasa ina mteremko wa kisasa, ni marufuku kwa mtu yeyote kumbeba mwanafunzi ngazini. Kufanya hivyo ni kuutukana mteremko."

Fundi Kibwana aliutukana mteremko siku ile. Kesho yake akaitwa kituoni, akafagia uwanja wa polisi kuanzia asubuhi mpaka jioni, akaambiwa akirudia atalala hukohuko, na karakana yake ifungwe. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akifika darasani kila siku kabla ya mteremko kujengwa, tangu ulipojengwa hakufika tena. Nimeona mengi katika miaka yangu ya kukoroga, lakini hilo lilinikaa kooni.

Akawa anasoma jikoni kwangu. Wakati wa mapumziko Shomari alimshushia daftari, wakaandika pamoja juu ya gunia la mahindi. Mwalimu wa darasa aliacha dirisha wazi na kufundisha kwa kupiga kelele, mpaka na mimi, mtu mzima, nikajua kutafuta eneo la duara.

Walioufaidi mteremko ni mbuzi. Jirani yetu Bi Chausiku ana mbuzi saba, na kiongozi wao ni beberu mweusi mwenye pembe moja, ambaye kila siku huja kulamba ukuta wa jiko langu pale ninapomwagia maji ya chumvi ya maharage. Mbuzi hawakuona sababu ya kuzunguka. Walipita chini ya utepe, wakapanda kwa mpangilio, wakapumzika kwenye kona, wakaingia darasa la saba. Mwalimu Lusewa akamlalamikia Afande. Afande akafungua Sheria ya Utepe. "Imeandikwa mtu yeyote," akasema. "Mbuzi sijamwona humu." Daktari Matibwa alipopigiwa simu alifurahi sana, na katika taarifa yake ya robo mwaka akaandika kwamba mteremko umeanza kutoa matunda, ukiwa na wanufaika saba kwa kuanzia.

* * *

Waziri mwenyewe ni Mheshimiwa Mtunguja. Alipangiwa kuja mwezi wa tatu, akawa anazindua trekta. Akapangiwa mwezi wa tano, akawa anazindua kalenda ya uzinduzi ya mwaka uliopita. Kila alipopangiwa sisi tulijiandaa. Kwaya ya shule ilifanya mazoezi kila alasiri: Mwalimu Lusewa anashika mkasi wa mbao, anajifanya kukata, watoto wanapiga makofi, kisha wanaimba "Karibu Mtunguja, mteremko umeinuka." Walirudia mpaka wakawa wanaimba usingizini. Sikudhani alipewa kusoma risala ya kumshukuru Waziri kwa "mteremko huu tunaoutumia kila siku kwa furaha." Aliihifadhi yote, akauliza swali moja tu, kama jukwaa la kusomea litakuwa na ngazi. Likawa na ngazi.

Utepe nao ulishika vumbi, na haifai mgeni rasmi akate uchafu. Mwalimu Lusewa akaagiza ufuliwe mara moja kwa wiki, na kazi hiyo akampa Sikudhani, "ili naye ajione ameshirikishwa." Basi mara moja kwa wiki Afande Selungo aliufungua utepe, akanyoosha kamba ya kuanikia nguo badala yake kwa muda, na Sikudhani akaufua utepe kwenye beseni langu, akauanika, akaurudisha kwa mikono miwili. Mtoto aliyekatazwa kupita ndiye aliyekuwa akikitunza kizuizi chake.

Hivyo ndivyo tulivyofika wiki ya mtihani wa taifa wa darasa la saba.

Mtihani ulikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, chumba namba tisa, yaani juu kabisa. Mheshimiwa alikuwa aje Jumatatu, nasi tukashusha pumzi. Jumatatu tukakaa juani mpaka saa nane, ndipo ujumbe ukaja: Mheshimiwa atafika Ijumaa bila kukosa.

Mwalimu Lusewa ni mwoga, lakini si mtu asiye na moyo. Alikuja kupigia simu yake jikoni kwangu, ambako mtandao unashika, akaweka sauti ya nje kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri. Sikudhani alikuwa pale, anachambua maharage kunisaidia.

"Daktari, yule mtoto wa kiti afanyie mtihani chini. Nitamwekea meza."

"Haiwezekani, Mwalimu Mkuu. Kilichosajiliwa ni chumba namba tisa. Mtihani wa taifa hauwezi kushuka ngazi."

"Basi abebwe siku moja tu."

"Auutukane mteremko siku mbili kabla ya Mheshimiwa kuuzindua? Wewe una watoto, Mwalimu?"

"Wanne, Daktari."

"Wafikirie."

"Na asipofika?"

"Ataandikwa mtoro. Atarudia mwakani." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Ana miaka mingapi? Kumi na mitatu. Aa, mwakani atakuwa amepita umri. Basi hatarudia. Mpe pole, mwambie serikali iko naye bega kwa bega."

Mwalimu Lusewa akafunga simu. Akatoka. Sikudhani aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu, akitoa mawe. Miaka saba ya shule, na mgongo wa baba yake, vyote vilikuwa vinaishia kwenye kitambaa cha upana wa vidole vitatu. Hatimaye akaniita.

"Bibi, utepe unafuliwa tena kesho, ukae tayari kwa Ijumaa. Nisaidie chumvi."

"Chumvi ya nini, mjukuu wangu?"

"Tulisoma kwenye sayansi. Chumvi inazuia rangi isichuje."

"Kiasi gani?"

Akafikiri. Nje, yule beberu alikuwa analamba ukuta wangu kama kawaida yake.

"Vijiko vinne," akasema. "Weka vitano, bibi."

Nikaweka saba. Sikuuliza kitu. Kazi ya mpishi ni kutoa chumvi, mengine yana wenyewe.

* * *

Jumatano saa moja na nusu watahiniwa sitini na mmoja walikuwa wamejipanga uwanjani, kila mmoja na penseli mbili. Msimamizi wa mtihani, mgeni kutoka wilaya nyingine, alisimama na bahasha yake iliyofungwa kwa lakiri. Sikudhani alikuwa mbele ya utepe kwenye kiti chake, sare imepigwa pasi. Baba yake alisimama nyuma, mikono kwenye kiti.

Mbuzi wa Bi Chausiku wakaja kwa wakati wao. Sita wakapita chini ya utepe. Beberu akasimama. Akanusa. Akalamba mara moja, akainua kichwa akautazama umati, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni kweli, kisha akaanza kutafuna.

Afande Selungo aliruka kutoka kwenye stuli akaifungua Sheria ya Utepe. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Mbuzi hakuwamo. Alipoinua macho utepe ulikuwa umekatika katikati, na nusu ya kushoto inaingia mdomoni taratibu.

Mimi nadhani ingeishia hapo, kwa kelele na fimbo, kama si mazoezi. Watoto wa kwaya waliouona utepe ukikatika hawakuwa na la kufanya isipokuwa lile walilofundishwa kwa miezi yote ile. Walipiga makofi. Wengine wakapokea, msimamizi naye akapiga, hakujua ni kwa nini. Kisha kwaya ikaingia: "Karibu Mtunguja, mteremko umeinuka." Beberu akasimama akisikiliza, utepe unaning'inia kidevuni, na sijawahi kumwona mgeni rasmi aliyetulia vile.

Mwalimu Lusewa alikuja jikoni mbio, simu mkononi.

"Umekatika mbele ya mashahidi?" Daktari Matibwa aliuliza baada ya kusimuliwa.

"Mbele ya shule nzima."

"Makofi yalipigwa?"

"Yalipigwa, Daktari."

"Na wimbo?"

"Beti mbili na kiitikio."

Tukasikia miwani ikibadilishwa. "Kifungu cha tatu kiko wazi," akasema. "Utepe ukikatika, makofi yakapigwa na wimbo ukaimbwa, kazi imezinduliwa. Na iliyozinduliwa haizinduliwi tena, maana itakuwa ni kusema uzinduzi wa kwanza ulikuwa na kasoro. Mteremko utumike." Kisha sauti ikampanda. "Lakini Mheshimiwa anakuja Ijumaa! Atazindua nini?"

Mwalimu Lusewa alitazama huku na huku. Jiko langu. Choo. Mlingoti.

"Zile ngazi," Daktari akasema. "Zilizinduliwa lini?"

Likaletwa kabrasha la shule, likapekuliwa palepale juu ya gunia la mahindi. Hakuna kitu. Kwa miaka ishirini na sita watoto wa kwetu walikuwa wakipanda na kushuka kwenye ngazi ambazo hazikupata kuzinduliwa, kinyume cha sheria, mchana kweupe.

"Zifungwe dakika hii," Daktari akasema. "Utepe wa akiba upo?"

Ulikuwapo. Afande Selungo alihamisha stuli yake hatua kumi na mbili, akafunga utepe mpya chini ya ngazi, akaketi.

Hivyo saa mbili kasorobo watahiniwa wote sitini na mmoja, na walimu, na Mwalimu Mkuu, na msimamizi na bahasha yake, walijipanga chini ya mteremko, na mbele yao kabisa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hapo tangu mwanzo, alikuwa Sikudhani. Fundi Kibwana akainama kusukuma kiti.

"Hapana, baba," akamwambia. "Niache."

Lakini hakupanda. Aligeuza kiti, foleni nzima ikampisha, akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Bibi," akasema, "uji upo?"

Nilimjazia kikombe. Akanywa wote. Nikamjazia maji, akanywa nayo, polepole, na watu wote wale wamesimama wanamsubiri, hakuna aliyethubutu kukohoa. Akafuta midomo kwa kiganja, akapiga kengele yake mara moja, akaenda kupanda.

Hakupanda haraka. Kila kona alipumzika, na nyuma yake shule nzima ikapumzika. Shomari alikuwa wa pili, na alifika juu kifua chake kikiwa kimetulia, kichupa hakijatoka mfukoni. Aliyehema ni Mwalimu Lusewa.

* * *

Mheshimiwa Mtunguja hakuja Ijumaa ile. Sasa ni mwaka wa tatu, na ngazi bado zina utepe wake, na Afande Selungo bado yuko. Bamba la mteremko limefunikwa kitambaa, mpaka Wizara iamue jina litakaloandikwa. Beberu anazeeka kwa amani, kwa sababu Bi Chausiku aliandikiwa kwamba aliyezindua mradi wa serikali hachinjwi, hata kwa sikukuu. Majuzi mtoto wa darasa la kwanza alimwuliza Mwalimu Lusewa vile vitu vya vipande vipande vyenye utepe ni vya nini.

"Hizo ni ngazi," Mwalimu akamwambia. "Ni za watu wenye mahitaji maalumu, wale wasioweza kutumia mteremko."

Watu hunitaka niwasimulie siku ile kwa ajili ya mbuzi, nami huwasimulia, maana ni haki yao kucheka. Ila ninachokiona mimi ni kingine. Saa nne karatasi ya kwanza ilipokwisha, kengele ya mapumziko ikalia, na kabla haijanyamaza nikasikia nyingine, ile ya baiskeli, inateremka kona kwa kona. Hakuwa na mtu nyuma. Alinipita, akaenda chooni peke yake, akakaa huko muda wake anaoutaka, akanawa mikono.

Kisha akaja mlangoni kwangu, akanyoosha kikombe.

"Niongeze, bibi."